Jinsi ya kuisoma historia ya timu ya taifa ya Haiti (fuata uwanja, usifuate matokeo peke yake)

Tangu Haiti wafuzu Kombe la Dunia la 2026 watu wengi wameanza kuuliza hawa jamaa wametokea wapi, na karibu wote wanafanya kitu kimoja, wanafungua orodha ya mechi, wanaona kuna 7-0, kuna 7-1, wanafunga ukurasa wanasema kumbe timu ndogo tu. Hapana jamani. Haiti ukiisoma kwa matokeo utatoka mikono mitupu. Timu hii inasomwa kwa maswali mawili ambayo nakuomba uyaulize kila ukikutana na mechi yao: siku ile nyumbani kwao palikuwa wapi, na nani alikuwa anatawala nchi. Ukishika hayo mawili kila kitu kinaanza kukaa sawa, hata vile vipigo.

Unachohitaji ni simu, bando la kuangalia video chache na daftari. Kwenye daftari chora kolamu nne: tarehe, mji mechi ilipochezwa, mpinzani na matokeo, afu ya mwisho hali ya nchi siku hiyo. Usiandike "nyumbani" wala "ugenini", andika jina la mji. Utaona mwenyewe kwanini nasisitiza hilo.

Anzia mwisho

Usianzie 1904 pale chama chao kilipoanzishwa, utachoka kabla hujafika kwenye utamu. Anzia tarehe 18 Novemba 2025. Siku hiyo Haiti waliifunga Nicaragua 2-0, mabao ya Louicius Deedson na Ruben Providence, wakamaliza vinara wa kundi ambalo ndani yake kulikuwa na Costa Rica na Honduras, timu ambazo Kombe la Dunia wamelizoea, na ndo ikawa tiketi yao ya kwanza tangu 1974. Sa angalia kolamu ya mji. Kwenye karatasi Haiti ndo walikuwa wenyeji, lakini mechi imechezwa Willemstad, Curaçao, kisiwa kingine kabisa, kama kilomita 800 kutoka Port-au-Prince. Haiti hawajacheza mechi ya mashindano kwao tangu 2021, na mwaka 2024 magenge yenye silaha yakauvamia uwanja wenyewe wa taifa. Yaani kila mechi ya "nyumbani" ya safari ile ya kufuzu ilikuwa safari ya ndege, mashabiki wao wengi waliobaki Haiti walikuwa wanaiona kwenye skrini tu kama mimi na wewe.

Na kocha ni Sébastien Migné, Mfaransa, aliyechukua kazi Machi 2024 na akafuzu bila kukanyaga Haiti hata mara moja toka aajiriwe, kwa sababu ya usalama. Hili jina wadau wa Kenya na Tanzania mnalijua. Ndo huyu huyu aliyekuwa na Harambee Stars 2018 hadi 2019, na ndo alikuwa benchi lile la Cairo tarehe 27 Juni 2019 kwenye AFCON pale Taifa Stars yetu ilipoongoza mara mbili, Msuva kwanza, Samatta baadaye, na bado tukalala 3-2 kwa mabao mawili ya Olunga na moja la Omolo. Nakushauri uirudie ile mechi kabla hujaangalia Haiti yake, maana inakupa picha ya aina ya timu anazozijenga, timu isiyokata tamaa ikitanguliwa. Afu nenda San José, Septemba 2025, Costa Rica 3-3 Haiti, wenyeji wametangulia 2-0 na Duckens Nazon anapiga hat-trick. Nazon ndo mfungaji bora wa muda wote wa Haiti. Angalia mechi hizo mbili kwa kufuatana, utaelewa haraka kuliko kusoma uchambuzi wowote.

Kwenye kolamu ya nne ya hiyo tarehe 18 Novemba andika neno Vertières. Ndo vita vya mwisho ambavyo jeshi la watumwa waliojikomboa liliwapiga Wafaransa, tarehe 18 Novemba 1803, na wiki sita baadaye, 1 Januari 1804, Haiti ikatangaza uhuru. Timu imefuzu siku ya kumbukumbu hiyo hiyo. Na jina la utani la timu, Les Grenadiers, linatoka huko huko kwenye askari wa mapinduzi. Hutaielewa furaha ya ile usiku, watu kumwagika barabarani Port-au-Prince pamoja na hofu yote ya magenge, kama hujui hilo.

Mjue mtu aliyepewa jina la uwanja

Hapa watu wengi wanapita tu na mimi nakuomba usimame. Uwanja wa taifa unaitwa Stade Sylvio Cator. Sylvio Cator alikuwa mruka mbali, alichukua medali ya fedha Olimpiki ya Amsterdam 1928, na Septemba mwaka huo huo akaruka mita 7.93 Paris, rekodi ya dunia. Mpira pia alicheza, na baadaye akawa meya wa Port-au-Prince. Hebu fikiria mtu mmoja amefanya hayo yote.

Kwenye daftari acha ukurasa mzima kwa ajili ya uwanja huu peke yake. Andika 1973, walipokaribisha fainali za kanda yao. Andika 2010, ulipogeuka kambi ya mahema ya watu waliopoteza nyumba kwenye tetemeko. Andika 2021, mechi ya kufuzu na Canada waliyofungwa 1-0. Andika 2024, magenge. Huo ukurasa mmoja ni historia ya nchi, na ndo maana nasema fuata uwanja.

Munich, sekunde kwa sekunde

Sa rudi nyuma mpaka 15 Juni 1974, Munich, Italia na Haiti, Kombe la Dunia. Video ipo, tafuta kwa kuandika nchi zote mbili na mwaka. Dakika 45 za kwanza ni 0-0 na kama una haraka ruka, lakini kipindi cha pili usiruke hata sekunde. Dakika ya 46 Philippe Vorbe anapata mpira kati, anainua kichwa, anautia nyuma ya mabeki wa Italia. Emmanuel Sanon anaanza kukimbia na Luciano Spinosi yuko naye, Spinosi anashindwa kumkamata. Kipa Dino Zoff anatoka. Sanon hapigi, anamzunguka, anabaki na goli tupu, anaweka. Haiti 1, Italia 0.

Kwanini dunia ilisimama? Kwa sababu Zoff alikuwa hajafungwa kwenye timu ya taifa tangu Septemba 1972, zaidi ya dakika 1,100. Timu kubwa za Ulaya na hata Brazil zilikuwa zimeshindwa, akaja kijana anayechezea Don Bosco ya Pétion-Ville, ligi ya ndani kabisa ya Haiti, akaifunga ile rekodi mlango. Na hapa ujifunze kitu cha kukusaidia mbele: utakuta wengine wameandika dakika 1,142 na wengine 1,143. Usipoteze usiku kubishana. Tofauti ya dakika moja inatokana na namna ya kuhesabu dakika yenyewe ya bao. Andika zote mbili, songa mbele.

Italia wakarudisha, Rivera, afu bao lililomgonga beki wa Haiti, afu Anastasi, 3-1. Kipa Henri Françillon siku ile alifanya kazi kubwa sana, usimsahau kisa amefungwa tatu. Baada ya hapo Poland 7-0 na Argentina 4-1, bao la Haiti dhidi ya Argentina akafunga tena Sanon. Mabao yote mawili ya Haiti ya mwaka ule ni yake, na baadaye akaenda Ubelgiji kuichezea Beerschot.

Lakini kabla hujaiandika ile 7-0 kwenye daftari kuwa ni udhaifu tu, jaza kwanza kolamu ya nne. Baada ya mechi ya Italia beki Ernst Jean-Joseph alipimwa akakutwa na dawa iliyokatazwa, mchezaji wa kwanza kukutwa hivyo kwenye fainali za Kombe la Dunia. Alijitetea kwamba ni dawa ya pumu. Viongozi waliotoka naye nyumbani wakamchukua kwa nguvu kambini, wakampiga, wakamrudisha Haiti kwa ndege. Wenzake wakaingia kucheza na Poland wakiwa hawajui kama mwenzao yuko hai, na wote wanajua serikali ya dikteta Jean-Claude Duvalier inafanya nini na mtu aliyeiaibisha. Sa mtu wa hivyo utamwambia akamkabe Lato, mshambuliaji wa Poland? Jean-Joseph alinusurika na akarudi kucheza mpira, lakini ile 7-0 mimi siwezi kuisoma kama matokeo ya mpira wa kawaida.

Na kwa ndugu zetu wa Congo hili liko karibu zaidi. Zaire walikuwa kwenye mashindano hayo hayo, mara yao ya kwanza kama Haiti, na walifungwa 9-0 na Yugoslavia tarehe 18 Juni, siku moja tu kabla ya Haiti kula saba za Poland. Timu mbili za watu weusi, zote zimetumwa na watawala wa mkono wa chuma, Mobutu huku na Duvalier kule, zote zikachekwa kwenye magazeti ya Ulaya wiki moja. Ukizisoma pamoja utaona mengi ambayo ukizisoma mbali mbali hutayaona.

Desemba 1973, hapa usidanganywe na usijidanganye

Sa tunakuja kwenye sehemu ngumu. Haiti walifikaje Munich? Ukitafuta "Haiti 1973" utakuta mashindano mawili, ubingwa wa CONCACAF (shirikisho la mpira la Amerika ya Kaskazini, ya Kati na Caribbean) na kufuzu Kombe la Dunia, ni kitu kimoja hicho hicho usikihesabu mara mbili. Timu sita, mechi zote Port-au-Prince, bingwa peke yake ndo anaenda Ujerumani Magharibi. Jean-Claude Duvalier ndo kwanza amerithi nchi kwa baba yake mwaka 1971 akiwa na miaka 19 na timu hii anaipenda na kuimwagia hela.

Tarehe 4 Desemba 1973 Haiti wakaifunga Trinidad na Tobago 2-1. Kwenye orodha inaonekana ni mechi ya kawaida. Sio. Trinidad walikataliwa mabao manne kwenye mechi moja (kuna wanaoandika matano), na refa, wa El Salvador, alifungiwa baadaye. Mpaka leo ukikutana na mtu wa Trinidad mwenye umri wake, ukamtajia 1973, kaa chini maana atakuelezea bao moja moja.

Fanya hesabu mwenyewe, usichukue neno la mtu. Chukua msimamo wa mwisho: Haiti pointi 8, Trinidad pointi 6, na ushindi enzi hizo ulikuwa pointi 2. Geuza ile mechi moja, Trinidad wanakuwa na 8 na Haiti 6. Kwa hiyo ndio, mechi ile iliamua. Tena Trinidad hao hao waliifunga Mexico 4-0 na Steve David wao akawa mfungaji bora kwa mabao 7. Walikuwa timu kweli kweli.

Sa mtu anayeipenda Haiti, kama mimi, afanyeje? Mimi nasema andika yote mawili, bila kupunguza. Andika kwamba tiketi ya 1974 ina doa. Andika pia kwamba Sanon hakupewa na refa yeyote lile bao la Munich, na kwamba Haiti walikuwa wa pili kwenye ubingwa huo 1971 ulipochezwa Trinidad, na wa pili tena 1977 ulipochezwa Mexico, kote ugenini. Timu mbovu inayobebwa nyumbani haifanyi hivyo. Na kabla ya hapo, 1969, walifika hatua ya mwisho kabisa ya kufuzu, wakafungwa na El Salvador 2-1 kwao, wakaenda El Salvador wakashinda 3-0, na kwa sababu enzi hizo tofauti ya mabao haikuhesabiwa ikabidi mechi ya tatu Kingston, Jamaika, wakafa 1-0 dakika za nyongeza. Kizazi kile kilikuwa kizuri kabla Baby Doc, yaani huyo Jean-Claude Duvalier, hajaingia madarakani.

Ukikutana na picha isiyo na tarehe

Hii mbinu itakusaidia sana maana mitandaoni picha za zamani zinazunguka bila maelezo. Angalia bendera. Haiti ni bluu na nyekundu, lakini kuanzia 1964 mpaka 1986 akina Duvalier waliibadilisha ikawa nyeusi na nyekundu. Kwa hiyo picha ya timu yenye bendera nyeusi na nyekundu ni ya miaka hiyo 22, na ikiwa na bluu basi ni ya kabla au ya baada. Mtu akikuletea picha ya "Haiti 1974" yenye bendera ya bluu uwanjani, mwambie atafute vizuri.

Joe Gaetjens, usimpite

Kama utasoma maisha ya mchezaji mmoja tu wa Haiti basi soma ya huyu, na uanze kwa mechi ambayo Haiti hawakucheza. 29 Juni 1950, Belo Horizonte, Brazil, Marekani 1 Uingereza 0, moja ya matokeo yaliyoishangaza dunia kuliko yote. Mfungaji kwa kichwa ni Joe Gaetjens, kijana wa Port-au-Prince aliyekwenda New York kusoma uhasibu na akawa anaosha vyombo mgahawani huku anacheza mpira. Sheria za wakati ule zilimruhusu kuichezea Marekani kwa kuahidi tu kwamba atachukua uraia, na hakuuchukua kamwe. Akapita Ufaransa, akarudi kwao, na Desemba 1953 akaichezea Haiti mechi ya kufuzu dhidi ya Mexico.

Sa kolamu ya nne. Familia yake ilimuunga mkono mpinzani wa Duvalier mkubwa, yule baba, kwenye uchaguzi wa 1957, na baadhi ya ndugu zake wakajiunga na wapinzani waliokuwa uhamishoni. Joe mwenyewe siasa hakuzitaka, akabaki Haiti akidhani mpira utamlinda. Tarehe 8 Julai 1964 Tonton Macoute, wanamgambo wa Duvalier, wakamkamata, akapelekwa gereza la Fort Dimanche, na hakuonekana tena. Mwili haukupatikana. Mtu aliyeifunga Uingereza kwenye Kombe la Dunia hana kaburi. Mimi kila nikifika hapa kwenye daftari langu nasimama kwanza, na naomba na wewe usimame.

Zilizobaki nenda haraka, ila mbili usikimbie

Ubingwa wa CCCF (shirikisho la Amerika ya Kati na Caribbean kabla ya CONCACAF) 1957 waliochukulia Curaçao, andika (na utazame mji, ndo kisiwa kile kile kilichowahifadhi 2025). Kombe la Caribbean 2007, wameifunga Trinidad 2-1 fainali huko huko Port of Spain, andika na uweke alama pembeni ukikumbuka 1973. Copa América 2016, ile 7-1 ya Brazil, andika na uende. Gold Cup 2019 simama kidogo, robo fainali wako nyuma 2-0 kwa Canada wakashinda 3-2, nusu fainali wakaibana Mexico mpaka dakika za nyongeza wakafa kwa penalti ya Raúl Jiménez, 1-0.

Ya kwanza ya kutokimbia ni 12 Januari 2010. Tetemeko lilipopiga jengo la shirikisho la mpira liliporomoka na zaidi ya watu 30 wakafia humo, makocha, waamuzi, wafanyakazi, akiwemo Jean-Yves Labaze kocha wa vijana chini ya miaka 17. Hiyo ni akili yote ya mpira wa nchi kuondoka mchana mmoja. Ukiona matokeo ya Haiti ya 2010 mpaka 2012 hivi, hasa ya vijana, usiyapime bila kulikumbuka hilo.

Ya pili ni akina dada. Watu wanaisoma timu ya wanaume peke yake na wanakosa nusu ya stori. Februari 2023, Auckland, Haiti ya wanawake iliifunga Chile 2-1, mabao yote ya Melchie Dumornay, wakafuzu Kombe la Dunia la wanawake kwa mara ya kwanza, miaka miwili na ushee kabla ya kaka zao. Huko wakapangwa na Uingereza, China na Denmark, wakafungwa zote, lakini Uingereza mabingwa wa Ulaya walipata moja tu tena la penalti. Mpe Dumornay ukurasa wake.

Mwisho kuhusu kutafuta. Kwa Kiswahili bado vitu ni vichache, na kwa Kiingereza utapata zaidi habari za Gaetjens na Munich tu, kwa hiyo tumia maneno ya Kifaransa, "sélection haïtienne" pamoja na mwaka unaoutaka, hata kama Kifaransa hujui programu za kutafsiri zitakusogeza. Gazeti la Le Nouvelliste la Port-au-Prince lipo tangu 1898 na linaandika mpira vizuri. Majina yaandike kwa alama zake inapowezekana, Françillon na Francillon vinaleta matokeo tofauti. Kwa wachezaji wa sasa angalia mahali walipozaliwa, Nazon, Placide, Bellegarde wote wamezaliwa Ufaransa na wana asili ya Haiti, kwa hiyo habari zao za utotoni utazipata kwenye magazeti ya mitaa ya kule na sio ya Port-au-Prince. Na acha nafasi tatu tupu kwenye daftari kwa ajili ya kundi C la 2026, Scotland, Brazil na Morocco, miji ujaze mwenyewe.